Herufi Yenye Pembe Mbili

Uwe umekaa jikoni Ruanda unangoja ugali uive, uwe Mlowo unafunga duka, uwe ndani ya lori kwenye foleni ya Tunduma, karibu tukae pamoja. Na wewe unayetusikiliza kutoka mbali, Ruanda ninayoitaja ni hii yetu ya Mbozi, mkoani Songwe. Nchi ya Rwanda ni nyingine.

Kama simu yako iko karibu, ishike. Telezesha kidole kutoka juu ya kioo kuja chini, hadi uone vialama vya tochi, data na sauti. Kimojawapo kimekaa kama herufi B yenye ncha kali, na mgongoni kwake zimechomoza ncha mbili fupi. Hicho ni kialama cha Bluetooth. Vijana wetu wa bodaboda hukigusa kutwa mara kumi, wakitaka muziki utoke kwenye simu uingie kwenye spika. Nilikigusa miaka mingi bila kujiuliza ni nini, mpaka siku moja nikajifunza kwamba ni maandishi. Ni herufi mbili za kale zilizowekwa moja juu ya nyingine, H na B, za mfalme wa Denmark aliyeitwa Harald Bluetooth, aliyetawala katika karne ya 10. Herufi za namna hiyo huitwa runi. Kwa hiyo kila mwenye simu hapa Songwe anatembea na runi mfukoni.

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya runi moja tu. Si hiyo ya kwenye simu. Ni ile iliyokuwa ya kwanza katika orodha ya runi. Nimeishi nayo kichwani kwa muda mrefu, na nimeipa tafsiri yangu mwenyewe.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Runi ni herufi za watu wa Ulaya ya kaskazini, yaani Denmark, Sweden, Norway, Ujerumani na baadaye Uingereza na Iceland. Maandishi ya zamani zaidi yaliyokubaliwa na wataalamu ni ya karne ya 2. Mojawapo yamekatwa juu ya kitana kilichopatikana Vimose, Denmark. Orodha ya kwanza ilikuwa na herufi 24. Zilikatwa kwa kisu juu ya mti, mfupa au chuma, ndiyo maana zote zimenyooka. Kwa kawaida huoni mviringo wala mstari uliolala. Fundi seremala anayenisikiliza ameshaelewa sababu: ukikata mstari sambamba na nyuzi za ubao, mstari huo unapotea ndani ya nyuzi, au ubao unapasuka. Kwa hiyo kila mstari waliusimamisha au waliuinamisha.

Na kila herufi ilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa jina la kitu. Moja iliitwa mvua ya mawe. Nyingine barafu. Nyingine farasi, nyingine mchana, nyingine mwaka na mavuno yake. Mtoto aliyejifunza kusoma alijifunza papo hapo kuitazama dunia yake.

Siku hizi wako watu Ulaya na Marekani wanaotumia runi kupigia ramli. Mwaka 1982 mwandishi mmoja wa Marekani, Ralph Blum, alitoa kitabu kilichoieneza sana desturi hiyo. Mimi sipigi ramli. Nasema hivi mapema ili tusije tukaelewana vibaya. Na liko jambo jingine zito zaidi. Askari wa SS wa Hitler walichukua runi ya jua, wakaiandika mara mbili na kuivaa kwenye kola zao, na chini ya alama hiyo waliua mamilioni ya watu. Ukinunua fulana ya mtumba pale Tunduma ina alama usiyoijua, uliza jina lake kabla hujaivaa.

Sasa tuje kwenye herufi yenyewe. Chukua kijiti, chora chini nami. Mstari mmoja umesimama. Kutoka kwenye mstari huo, upande wa kulia, toa matawi mawili yanayopanda juu kwa kuinama, moja juu ya jingine. Basi. Inasomeka F, na jina lake la kale ni fehu. Maana yake ni ng'ombe. Na kwa kuwa mwenye ng'ombe ndiye aliyekuwa na kitu, neno hilohilo likawa na maana ya mali, na baadaye fedha.

Niliposoma hivyo nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilikuwa nimemsikia babu yangu.

Babu alikuwa akisema, "Huyu ana mali," na hakuwa na maana ya nyumba wala shamba la kahawa. Alimaanisha zizi. Na tazama neno lenyewe. Mali tumelipata kwa Waarabu, na Waarabu wa jangwani walipolitamka walikuwa wakiwaona ngamia na mifugo yao. Warumi wa kale waliita fedha pecunia, kutokana na pecus, mifugo. Ada ambayo Mwingereza anaiita fee ina undugu na fehu hii hii. Na sisi tunasema rasilimali, neno tunalolisikia kila siku kwenye taarifa ya habari bila kulipasua tuone ndani yake. Rasi ni kichwa. Rasilimali ni kichwa cha mali.

Kichwa. Hapo ndipo panapozidi kunishangaza. Mwaka 1905, huko Serabit el-Khadim katika rasi ya Sinai, mtaalamu wa Uingereza Flinders Petrie alikuta maandishi yaliyochorwa na watu wa machimbo ya feruzi, yenye umri unaokaribia miaka 4,000. Mojawapo ya alama zao ni kichwa cha ng'ombe: uso, na pembe mbili. Kwa lugha yao ng'ombe aliitwa alifu au kitu cha karibu na hicho, kwa hiyo kichwa kile kikawa herufi ya kwanza ya jina hilo. Wafoinike wakakirithi, Wagiriki wakakichukua kwao na kukipindua, Warumi wakakipokea kikiwa hivyo. Andika A kubwa kwenye karatasi, kisha igeuze juu chini. Zile pembe hizo hapo. Mtoto wa darasa la kwanza Ruanda anayejifunza A anachora kichwa cha ng'ombe aliyelala chali, na mwenzake aliye madrasa anayejifunza alifu anachora ng'ombe yuleyule, akiwa amekonda mpaka amebaki mstari.

Na fehu je? Jina lake ni ng'ombe, lakini umbo lake linadhaniwa limetoka kwenye F ya Warumi, na F ukiifuatilia nyuma hadi kwa Wafoinike unaikuta herufi yao iliyoitwa waw, maana yake kulabu au kigingi. Sidhani kama aliyeichonga kwa mara ya kwanza huko kaskazini alilijua hilo. Mimi nalijua, na siwezi tena kuitazama fehu bila kuona vitu viwili kwa pamoja, ng'ombe na kigingi alichofungwa. Mali isiyofungwa mahali inaingia kwenye mahindi ya jirani. Kila aliyewahi kuchunga katika nchi hii ya mashamba yanayopakana anajua ugomvi unaofuata.

Nirudi kwa babu, maana kwake ndiko nilikoipata tafsiri yangu.

Ng'ombe wetu hawakuwa wengi. Maksai wa kulima, majike machache, ndama. Nilikuwa na miaka kama minane aliponiita nimshikie ndama siku ya kumkata sikio. Nilimkumbatia shingoni, magoti yangu yakiwa kwenye samadi. Sikio la ndama lina joto. Kwa nje lina manyoya mafupi, kwa ndani ni jororo na lina vishipa unavyoviona ukiliinua kwenye jua. Babu alikuwa na kisu kidogo alichokipitisha motoni. Alikata ncha ya sikio la kushoto, mkato mmoja ulionyooka, akapaka majivu. Ndama akaruka. Nilidhani tumemaliza. Babu akasema, "Bado, mgeuze." Akashika sikio la kulia, akatoa kijipengo kidogo upande wa chini, kama jino lililong'oka.

Nikamuuliza kwa nini hili nalo. Akaniambia la kushoto ni letu. La kulia ni la wakwe.

Mama wa ndama yule alitokana na mahari ya shangazi yangu. Alipokuja kwetu alikuwa na pengo hilo kwenye sikio la kulia, alama ya nyumba alikotoka. Babu hakuifuta. Kila ndama aliyezaliwa na ng'ombe wa mahari alipata alama mbili, yetu kushoto, ya wakwe kulia. Shangazi alipopata matatizo kwake, njaa au ugonjwa wa mtoto, babu hakuanza kuhesabu ana nini mkononi. Alikwenda zizini akatazama masikio ya kulia. Wale walikuwa wake, lakini walikuwa na mtu nyuma yao.

Hii ndiyo tafsiri yangu ya runi ya fehu, msikilizaji. Mstari uliosimama ni mwenye mali. Tawi la kwanza ni alichonacho. Tawi la pili ni anayemdai. Ukilifuta tawi moja, herufi haisomeki tena.

Hakuna kitabu cha runi kilichonifundisha hivyo. Wengine watakuambia matawi mawili ni pembe, au watakuambia ni umbo tu. Sawa. Alama ya kale haikatai kusomwa upya na mtu aliyeishi kitu kile kile inachokitaja. Na waliokuwa nayo zamani walilijua jambo hili kwa upande wake mchungu. Wazee wa Norway na Iceland walipoieleza herufi hii kwa vijana wao, jambo la kwanza walilolitaja ni ugomvi wa ndugu. Watu wa barafu, ambao hawajawahi kuona Mbozi, walijua mali inavyowafanya watu wa tumbo moja.

Sisi tuliuona. Babu alipofariki, ng'ombe waligawanywa kwa wanawe. Mwaka uliofuata ndama wakazaliwa, na mmoja wa baba zangu akawakata sikio la kushoto peke yake. La kulia akaliacha zima. Hakutangaza lolote. Hakuna aliyepiga kelele siku ile, na pengine wengi hawakuona. Shangazi aliona. Alikuja msibani kwa jirani, akapita zizini, akasimama kitambo anatazama masikio, akaondoka bila kunywa uji. Kuanzia hapo nyumba mbili hazikualikana kwenye harusi kwa miaka mingi. Mtu wa nje angesema waligombana kwa sababu ya ng'ombe. Waligombana kwa sababu ya alama.

Naisema habari hii kwa uchungu, na baba huyo nampenda. Lakini nimeishi na swali lake: mtu anapoacha kukata sikio la pili, amepata nini? Ng'ombe hawakuongezeka hata mmoja.

Babu wa babu zetu waliuona upande mwingine wa mali hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka kaskazini, ikaua ng'ombe wa Wamaasai karibu wote, ikafika katika ukanda huu ulio kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Nyasa. Matajiri walilala na mazizi, wakaamka na mizoga. Katika hali hiyo kilichobaki cha mali ni nini, kama si sikio la kulia? Aliyekuwa amewapa wenzake ng'ombe, aliyekuwa na mtoto ameolewa mbali, aliyekuwa anadai na kudaiwa, huyo alikuwa na pa kuanzia. Dunia ilikuja kutangazwa kuwa haina sotoka tena mwaka 2011, baada ya chanjo za miongo mingi.

Alama za mali hazijaisha, zimebadilika umbo. Ukisimama Tunduma ukatazama malori yanayovuka kwenda Nakonde, utaona magunia yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito: herufi mbili, duara, msalaba, namba. Kila mfanyabiashara ana alama yake, na kuli asiyejua kusoma gazeti anazisoma hizo bila kukosea. Huko Bergen, Norway, mwaka 1955 moto uliunguza sehemu ya mtaa wa bandarini uitwao Bryggen. Walipofukua chini yake, wakapata mamia ya vipande vya mti vyenye runi. Vingi havikuwa na uchawi wowote. Miongoni mwavyo vilikuwemo vibao vidogo vya kufungwa kwenye mizigo, vimeandikwa jina la mtu na kwamba mzigo huu ni wake. Tunduma tupu!

Kwa ng'ombe, serikali nayo ilileta ya kwake. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilipitishwa mwaka 2010, kukaja kampeni ya kupiga chapa, kisha hereni za kielektroniki. Mwaka 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi ilizinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, na hereni zikavalishwa sambamba na sindano. Nilikuwepo siku moja ya kupiga chapa. Chuma kinatoka motoni kimeiva chekundu, kinagusa paja, moshi wa manjano unapanda na harufu ya nywele zilizoungua inakaa kwenye shati lako mpaka jioni. Nayaunga mkono haya yote kwa moyo mweupe. Ng'ombe aliyeibiwa bonde la Rukwa anaweza kutambuliwa mnadani. Mgonjwa anaweza kufuatiliwa hadi zizi alikotoka. Babu angekuwa hai ningemwambia avalishe hereni ng'ombe wote bila kusita.

Ila hereni inajua mmiliki tu. Inayo namba ya mnyama, na nyuma ya namba jina la mtu mmoja. Haina sikio la pili. Na haikuwa kazi ya serikali kuliweka. Hiyo ilikuwa kazi yetu, na tunaiacha ife.

Wasukuma walioshuka na mifugo yao kuelekea Momba na bonde la Rukwa wana alama zao. Wamaasai wanazo, za ukoo na za nyumba, kwenye ngozi na kwenye masikio. Wanyiha na Wanyamwanga wa huku wanazo pia, ingawa wenye kuzijua ni wazee, na kila msimu tunazika mmoja. Runi za akina Harald zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Copenhagen, Stockholm na Oslo. Zimechorwa, zimepigwa picha, zina vitabu. Alama ya babu yangu ilikuwa imeandikwa mahali pawili tu, kwenye masikio ya ng'ombe walioliwa zamani, na kichwani mwangu. Mwezi uliopita nilinunua daftari la kurasa 64 nikaichora. Ukurasa wa kwanza, masikio mawili. Chini ya la kushoto niliandika jina la babu. Chini ya la kulia niliandika jina la ukoo wa mume wa shangazi, kisha nikampigia simu binti wa shangazi anisahihishe kama nimelichora pengo mahali pake. Akaniambia, "Kaka, limekaa juu mno, lilikuwa karibu na shavu." Nililifuta, nikalichora upya.

Basi, msikilizaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyewahi kukata sikio la ng'ombe, mfuate kesho asubuhi, umsalimu, ukae chini. Mpe karatasi na kalamu achore. Muulize sikio lipi ni lenu, na lipi ni la nani.